Niandike ngapi?

Kila asubuhi napanda matatu kutoka Kisauni kwenda mjini Mombasa, na kila asubuhi makanga anauliza, "Kengeleni kuna wa kushuka?" Miaka kumi na moja nimelisikia jina hilo bila kuikumbuka kengele yenyewe. Mnara wake uko pale pale kando ya barabara. Wamisionari walipoanzisha Frere Town mwaka 1875, iwe makao ya watu waliookolewa utumwani, kengele hiyo iligongwa kuwaonya kwamba wauza watumwa wanakaribia. Watu wa wakati ule waliisikia wakatimua mbio. Sisi tunapitia chini yake tukibishana na makanga juu ya chenji.

Mimi ni msimamizi wa matengenezo katika kampuni moja hapa mjini. Bomba likipasuka au kitasa kikifa, natumwa kununua kingine, narudi na risiti. Ukinunua vitu vya kazini unalijua swali la muuzaji akishashika kalamu: "Niandike ngapi?"

Mara ya kwanza kuulizwa, nilijifanya sikuelewa. Mara ya pili, karo ya mtoto ilikuwa imenibana, nikamwambia aongeze mia tatu. Usiku ule sikulala vizuri. Niliamka saa tisa, nikaomba, nikaapa sirudii. Nilirudia baada ya wiki tatu, na safari hiyo nililala. Baada ya mwaka muuzaji hakuuliza tena. Alikuwa ananijua, anaongeza mwenyewe, mimi nakunja karatasi natia mfukoni huku tukizungumzia mpira.

Kilichonishtua ni siku niliyomkuta dukani kijana mgeni. Nilinunua koki mbili na mita nne za bomba, akaandika bei ile ile niliyolipa. Nikaitazama risiti, nikapandwa na hasira. Hasira ya kweli, ndugu yangu, ya mtu aliyedhulumiwa. Nilikuwa nusu ya njia kuelekea steji ya Buxton nilipojiuliza: huyu mtoto amenikosea nini? Amekataa kunisaidia kuiba, na hata hakujua kwamba amekataa.

Paulo ana neno kwa watu wa namna hiyo katika Waefeso 4:19: kufa ganzi. Ukikalia mguu vibaya kanisani, mwanzo unauma, kisha unatulia. Ule utulivu ndio wa kuogopa, maana mguu haujapona. Mimi nilidhani Mungu amenielewa hali yangu, kumbe nilikuwa sisikii.

Na ganzi hii ina ujanja wake, haishiki mwili mzima. Mfikirie Daudi. Alipokata upindo wa vazi la Sauli kule pangoni, moyo wake ulimsuta, kwa kipande cha kitambaa tu! Mtu huyo huyo baadaye akamchukua mke wa Uria, akapanga Uria afe vitani, mtoto akazaliwa, na bado anakaa kwenye kiti akiamua mashauri. Nathani alipomsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, Daudi aliwaka. Ya mwenzake aliiona vizuri kabisa. Nami ndiye niliyekuwa nikilalamika kwenye ushirika wa nyumbani kuhusu askari wa trafiki wanaopokea hamsini hamsini, risiti yangu ikiwa mfukoni.

Kwa hiyo sikushauri uanze kwa kuhesabu dhambi zako. Hizo unazoweza kuzihesabu bado zinakuuma. Tafuta kile kilichokuwa kinakuuma zamani na sasa hakikuumi. Sikiliza pia majina unayovipa vitu, kwa sababu jina hubadilika mapema kuliko tabia. Hongo tumeiita chai. Uzinzi ni mpango wa kando. Wizi wangu niliuita "nauli". (Ule uongo wa simu, "nimeshafika Saba Saba" na bado unatafuta kiatu chini ya kitanda, hatujaupa hata jina. Huo nami bado napambana nao.)

Tena usipambane peke yako. Waebrania 3:13 inasema tuonyane kila siku, na sababu inayotajwa ni kwamba dhambi hudanganya hadi mtu anakuwa mgumu. Aliyedanganywa hajijui. Mimi nilimwambia mke wangu kwanza, na lilikuwa jambo gumu kuliko kumwambia bosi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama karo ya muhula wa pili pia ilitoka huko. Ilitoka huko.

Tulikaa mezani tukakadiria, tukapata kama elfu kumi na nne. Nilimpelekea bosi barua. Hakunifukuza, lakini anakata elfu mbili kwa mwezi, na ununuzi mkubwa siku hizi anatumwa mwingine. Inauma, na nashukuru kwamba inauma.

Wiki jana nilitumwa balbu tu. Muuzaji wangu wa siku zote akafungua kitabu, akaanza kuandika.

"Andika bei uliyoniuzia," nikamwambia.

Akaniangalia, akacheka. "Kumbe umeokoka! Tangu lini?"

Miaka sita nanunua kwake, na mimi ni mzee wa kanisa.