Maswali na Majibu: Mbawakawa wa kizibao kutoka majani ya mlimani

Swali: Nimechekecha majani yaliyooza kwenye msitu wa mlimani nikapata mbawakawa wa milimita 3 hivi. Mabawa yao ya juu ni mafupi kama kizibao, fumbatio lote liko nje. Hawafanani na picha yoyote niliyoiona. Je, ni spishi mpya?

Jibu: Kizibao hicho ndicho kitambulisho cha Staphylinidae, familia yenye spishi zaidi ya 60,000 zilizokwisha kuelezwa. Kutofanana na picha si ushahidi wa lolote, maana wengi wao hawajawahi kupigwa picha. Maelezo ya baadhi yao ni mistari michache ya Kilatini au Kijerumani katika jarida la karne ya 19.

Wa mlimani wana mtego wao. Wengi wamepoteza mabawa ya kurukia, hivyo hawavuki bonde kwenda mlima wa pili, na kila mlima unaweza kuwa na spishi yake. Kwa nje ni pacha. Tofauti imo ndani, kwenye uume wa dume. Kwa hiyo tafuta jenasi kwanza, kisha uorodheshe kila spishi ya jenasi hiyo iliyokwisha kuelezwa eneo hilo na milima ya jirani, halafu uyaombe makumbusho vielelezo vya asili, yaani vile vilivyotumika kuzieleza spishi hizo, au angalau picha za uume wao. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayokula miezi, na ndiyo watu wanayoiruka. Ukiiruka, ukampa jina mdudu ambaye tayari analo, jina la zamani ndilo litakalosimama na lako litabaki kisawe.

Swali: Huo uume nitautoaje bila kumharibu mdudu?

Jibu: Hakikisha kwanza una dume. Kwenye jenasi nyingi bamba la chini la pingili ya mwisho huwa na mkato au pengo, la jike likiwa zima, ila si zote. Mdudu aliyekauka mlainishe saa kadhaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni. Chini ya hadubini, mshike kwa kibano laini, pitisha pini nyembamba iliyopindwa ncha kwenye uwazi wa nyuma, uvute taratibu. Ukiona unang'ang'ana, acha. Tenganisha pingili za mwisho zote kwa pamoja, ni salama zaidi.

Ziloweke kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, kwa joto la kawaida, ukichungulia kila baada ya saa moja au mbili. Nyama ikishayeyuka, suuza kwa maji yaliyotoneshwa tone la asidi ya asetiki ili dawa iache kula. Usichemshe kwa haraka zako: dawa ikizidi, kile kifuko cha ndani chenye vijimiba hufifia mpaka hakionekani, na mara nyingi ndicho kinachotenganisha spishi.

Uchunguze ndani ya gliserini, uchore kwa ubavu na kwa chini. Hapa ndipo spishi hewa huzaliwa. Uume ukilala upande kidogo tu, ncha iliyonyooka huonekana imepinda. Uegemeze kwa unyuzi wa pamba, na kila dume mwingine umlaze vivyo hivyo. Mdudu mweupe-mweupe na laini, aliyetoka kwenye pupa juzi, usimtumie kabisa, maana uume wake hujikunja ukikauka.

Mwisho ubandike kwenye kadi angavu, pini ileile ya mwenyewe. Kama unatumia Euparal, ile gundi angavu ya kuhifadhia, upitishe kwanza kwenye ethanoli ya asilimia 96. Maji yakibaki, utapata ukungu mweupe.

Swali: Vielelezo vyangu vina urefu wa milimita 2.8 hadi 3.6. Ni spishi mbili?

Jibu: Huenda ni ethanoli uliyowahifadhia tu. Fumbatio la hawa hujivuta na kujirudi kama darubini ya mkononi. Pima kutoka mbele ya kichwa hadi mwisho wa mabawa ya juu, kisha upana wa kichwa, na urefu na upana wa pronoto, lile bamba la mgongoni nyuma ya kichwa. Urefu wa mwili mzima utaje, lakini usiutegemee.

Swali: Mfuko wangu wa Winkler, ule wa kuning'iniza majani ili wadudu washuke chupani, hutoa wadudu wachache mno. Kosa liko wapi?

Jibu: Yawezekana majani yameloa chapachapa. Wadudu hushuka kadiri majani yanavyokauka. Yakishikamana bonge, hawatoki. Chekecha kwa matundu ya milimita 8 hivi, ning'iniza kivulini siku 3, na kila siku uyamwage majani na kuyarudisha ili yachanganyike upya. Chupa ya chini iwe na ethanoli ya asilimia 96 kama utahitaji DNA. Kama unatumia faneli yenye taa, anza na taa hafifu. Kali itawaua kabla hawajashuka.

Swali: Naweza kuiita kwa jina langu?

Jibu: Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama haikukatazi, ila utachekwa. Lililo la lazima tangu 2000 ni kutamka wazi kuwa spishi ni mpya, kuteua kielelezo kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja kiitwacho holotaipu, na kutaja hifadhi itakamokaa. Jarida likitoka kwa njia ya kielektroniki pekee, kazi isajiliwe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na usajili huo uonekane ndani ya kazi yenyewe. Jina la sifa lifuate jinsia ya jenasi: Stenus huchukua montanus, Atheta huchukua montana. Lebo nyekundu ya holotaipu ni desturi tu. Lebo ya mahali ndiyo ya kuihangaikia: majiranukta (latitudo na longitudo), mwinuko kwa mita, tarehe, namna ya kukusanya. Neno "mlimani" peke yake halimrudishi mtu pale ulipochekecha.