Sarufi yangu haina kosa, mbona insha ya Kiingereza hainipi alama?

Ndugu yetu wa Shela ameuliza kwa nini insha zake za IELTS, mtihani wa Kiingereza kwa wanaotaka kusoma nje, zinapata alama za chini ilhali mwalimu wake haoni kosa la sarufi. Mimi huwasaidia vijana hapa Langoni, Lamu, wanaotafuta nafasi vyuo vya nje, na swali hili hunijia kila msimu.

Sarufi ni robo tu. Insha ile ndefu hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ulivyojibu swali, mawazo yanavyofuatana na kushikana, msamiati, kisha sarufi. Kiingereza kinaweza kunyooka kabisa na alama zikaendelea kuvuja kwenye viwili vya mwanzo.

Na huvujia pale pale: dai linachelewa. Insha za shule zilitufunza kupamba mwanzo, methali kwanza, kisha sifa za ulimwengu wa leo. Kwa hadithi sawa. Katika insha ya kitaaluma, msimamo wako uonekane ndani ya aya ya kwanza.

Tuseme swali ni kama miradi mikubwa huwafaidi wenyeji, nawe umechagua bandari yetu. Wengi huandika: "The port of Lamu has brought many changes." Nani atakubishia hapo? Hujadai kitu. Andika: "The port has cost small-scale fishermen more than it has given them." Hili linabishika, kwa hiyo linahitaji kutetewa. Aya inayofuata ianze na hoja moja, kwamba wavuvi wamepoteza riziki. Leta ushahidi: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Kisha, na hapa ndipo vijana wangu wengi hukatiza, eleza ushahidi huo unathibitisha nini: hasara haikuwa manung'uniko ya baraza, mahakama iliikubali. Ukiruka hatua hiyo umemwachia mtahini kazi yako.

Wanaoitetea bandari nao wape aya yao, uwajibu kwa heshima.

Mengine ni madogo. Andika "do not", si "don't". Usirundike "moreover" kila mstari. Una dakika 40 hivi na maneno yasiyopungua 250, basi tano za mwanzo panga hoja, hata kwa Kiswahili, hakuna anayekukataza.

Ndugu, weka hapa aya yako ya kwanza peke yake, tulitafute dai lake pamoja.