Uliza Ami: Ureno ina nini na masta yangu?

SWALI: Ami shikamoo. Niko Lamu, nimeanza masta ya uchumi, upande wa biashara ya kimataifa. Mwalimu anasema Ureno inashinda Uingereza kwa mvinyo na kwa kitambaa pia, na bado inafaa inunue kitambaa. Si ni kujipoteza huko?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ni hesabu ya David Ricardo, mwanauchumi wa Uingereza, ya 1817, wengi imewatoa jasho. Kupata kiasi fulani cha mvinyo Ureno inahitaji kazi ya watu 80 kwa mwaka, kitambaa 90. Uingereza kitambaa 100, mvinyo 120. Sasa Ureno ikiacha kufuma ikaongeza mvinyo wa kubadilishana, inatumia watu 80 kupata kitambaa ambacho kingeila 90, na Uingereza nayo inatumia 100 kupata mvinyo wa 120, wote wamefaidi. Ni kama nahodha anayejua kupara samaki kuliko mtu yeyote gatini, lakini akikaa kupara, jahazi nani ataliendesha?

Ila usimeze tu. Ricardo hasemi yule mfumaji wa Ureno anaenda wapi, na hapo ndipo sera inapoanza, ushuru, kwota (kikomo cha kiasi cha bidhaa), marufuku. Wewe ni wa Lamu, waulize wazee habari za boriti za mikoko zilizokuwa zikienda Arabuni na majahazi mpaka serikali ikapiga marufuku kuziuza nje 1982. Msitu ulipumua, lakini wakataji je? Mi ningekuwa wewe tasnifu ya masta ningeiandika hapo, afadhali mara mia kuliko kurudia mvinyo wa watu. Na kalkulasi usiikimbie, itakufuata tu.