Usianzie kwenye solo: jibu kwa kijana wa Makorora anayetaka gitaa la rock

Mdogo wangu wa Makorora, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: uanze na albamu zipi za rock, ununue gitaa gani, na kama ni kweli alivyokwambia mshkaji wako kwamba rock ni makelele ya wazungu, mtu wa Tanga hayamhusu. Waliotangulia kukujibu wamekumwagia wapiga solo watupu, wale wa gitaa la mbele, Hendrix, Page, Slash, na wote mafundi sina ubishi. Ila mimi napiga ridhimu, gitaa la kushikilia mapigo, kwenye bendi za harusi na mahoteli hapa mjini, rock nasikiliza tangu enzi za kanda, na nakwambia solo iache kwanza. Msikilize yule mpiga gitaa wa pili, wa ridhimu, anayesimama nyuma jirani na ngoma, ambaye hata picha watu wanamkata.

Tafuta Back in Black ya AC/DC, ya mwaka 1980. Angus Young kila mtu anamjua, yule wa kaptula ya shule anayerukaruka jukwaa zima. Sasa vaa hedifoni, toa ya sikio moja, sikiliza wimbo mpaka mwisho, halafu urudie na sikio la pili. Magitaa yametenganishwa, Angus upande wake na kaka yake Malcolm upande wake. Kwa Malcolm hukuti mbwembwe yoyote, ni kodi chache za gitaa (nyuzi kadhaa zikilia pamoja) zinapigwa kwa nguvu kisha anakata pale pale, panabaki kimya kidogo, ndo unasikia ngoma zinaingia kwenye ule uwazi. Gitaa lake lilikuwa Gretsch la zamani, pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) nyingine alizitoa akabakiza moja tu ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, na nyuzi alifunga nene kwelikweli. Na distosheni, ule mkwaruzo wa sauti, ni ndogo kuliko unavyodhani! Uzito wote ule unatoka mkononi na kwenye kupiga wawili kama mtu mmoja. Vijana wetu wakishika pedali ya distosheni wanazungusha mpaka mwisho, kodi ikipigwa inakuwa uji, huijui ni kodi gani, halafu wanalaumu spika.

Lakini tafadhali usisikilizie kwenye simu wala kile kispika kidogo cha bluetooth, pale pande zote mbili zinamiminwa mahali pamoja na huyo Malcolm ninayekusifia hutamsikia kabisa. Na nyimbo za kurushiana WhatsApp zimeshakamuliwa, hazina kitu.

Ukimaliza hiyo nenda Exile on Main St. ya Rolling Stones, 1972. Sehemu kubwa walirekodia kwenye chumba cha chini ya nyumba aliyopanga Keith Richards kusini mwa Ufaransa, joto na unyevu wa humo ndani ulikuwa unatoa magitaa kwenye tyuni kila saa. Sisi tunaijua hiyo, piga hoteli za Raskazone mwezi wa pili uone, unatyuni nyuma ya jukwaa ukipanda tu jukwaani imeshahama. Richards nyimbo zake nyingi anapiga nyuzi tano, ule mnene wa juu anautoa kabisa na zilizobaki anazityuni zitoe kodi ya G bila kubana kitu. Hiyo unaweza kuijaribu leo hata kwa gitaa la kukopa.

Metallica sikiliza Master of Puppets ya 1986, mkono wa Hetfield, mpiga ridhimu wao, unashuka tu, unashuka tu, haupandi, na mapigo yale karekodi tabaka juu ya tabaka. Iliyofuata ya 1988 ni nzuri pia ila besi wameizika, utaitafuta kwa tochi. Black Sabbath utawafikia mwenyewe.

Sasa hilo la kwamba rock haikuhusu. Mwambie mshkaji wako aende akaulize wazee wa Ngamiani kuhusu Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za Tanga hii hii, magitaa ya umeme yalikuwa yanalia hapa watu wanacheza mpaka alfajiri. Wale wanamuziki ndugu, akina Kinyonga, walipita Jamhuri kabla hawajaenda kuanzisha Simba Wanyika ya Nairobi, na Les Wanyika ilipojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 alikuwemo Omari Shabani, wanamwita Profesa, mtu wa ridhimu huyo! Kwa hiyo wewe uliyekulia kwenye dansi, solo huku, second solo pale, ridhimu katikati, besi chini, sikio la kuchambua magitaa unalo tayari. Na Zambia miaka ya 70 walikuwa na rock yao ya distosheni kabisa, tafuta bendi za WITCH na Amanaz, albamu ya Amanaz inaitwa Africa, ya 1975. Najua kuna mtu atakuja hapa chini na Freddie Mercury kazaliwa Unguja 1946, ni kweli kazaliwa, ila hoja yangu haitegemei hati ya kuzaliwa ya mtu.

Tofauti moja tu itakusumbua. Ridhimu ya dansi inatembea haikati, ukikata mcheza anakosa mguu. Ridhimu ya rock nusu yake ni kunyamaza. Lalisha ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi pale karibu na daraja, mkono wa kushoto legeza vidole bila kuvitoa kwenye nyuzi, sauti inakufa hapo hapo. Wapigaji wetu wazuri kabisa wa dansi nawaona wanahangaika na hicho, mkono unataka kujaza tu.

Gitaa, chukua la mtumba lenye pikapu za koili mbili, humbucker, maana za koili moja zinanguruma na nyumba zetu hizi za zamani soketi nyingi ethi (waya wa kwenda ardhini) ni jina tu. Na kwa soketi hizo hizo usiguse maiki kwa mdomo huku umeshika nyuzi kabla fundi umeme hajapima, shoti yake si ya kuchekea. Upepo wa bahari nao unakula nyuzi, hasa ukikaa Chumbageni kama mimi, usipofuta baada ya kupiga wiki haiishi vidole vinatoka na rangi ya kutu. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha, pitisha na chini ya nyuzi. Usilitundike ukutani karibu na dirisha, liweke kwenye begi.

Shingo ndo kitu cha kukagua kuliko rangi. Ukilipata, kabla hujatoa hela lishike kama unalenga bunduki, angalia shingo kuanzia kwenye daraja, kisha piga picha ya ubavuni uiweke hapa. Kama imepinda kidogo chuma cha ndani kinaweza kukazwa na spana ya L, kama imejisokota achana nalo hata akikupunguzia nusu bei.