Neno la mbuzi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unatafsiri hadithi ya watoto, umekwama kwenye neno la Kiingereza "caper", unauliza lina maana gani na lilitoka wapi. Ni kurukaruka kwa furaha isiyo na sababu, na lilitoka kwa mbuzi. Kwa Kilatini "caper" ni beberu. Waitaliano wakawa na "capriola", mruko wa kucheza; Waingereza wakalichukua karne ya 16 na kulikata mkia. Tropiki ya Kaprikoni uliyoichora darasa la sita ni pembe ya mbuzi huyo huyo. Hata "cab", teksi ya Waingereza, ni kifupi cha "cabriolet", kigari cha farasi cha Wafaransa, chepesi hadi kikidunda njiani kama mwanambuzi.

Haya yote sikuyajua siku ile mkaguzi wa shule alipoingia darasani nikifundisha. Ulikuwepo, dawati la pili, usijifanye umesahau. Akanyooshea kidole neno hilo kitabuni, akaniuliza mbele ya darasa zima. Mimi nikaliona "cape" ndani yake, nikajibu: mvaa joho. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani. Hapana, kwa ubaya, maana aliandika kitu kwenye daftari lake kabla kicheko hakijaisha. Kisha akawaambia watoto waandike: kuruka. Yeye mwenyewe hakuruka, wala hakumwinua mtoto hata mmoja aruke.

Na pale dirishani, juu ya kichuguu, wale mapacha wa mbuzi mweupe wa bibi yako walikuwa wanasukumana, wanashuka, wanapanda tena, miguu yote minne hewani! Neno lilikuwa nje linacheza, sisi tumelipa mgongo. Nimelijua tangu nachunga Mpwapwa. Jina tu ndilo sikuwa nalo. Ndiyo maana nawaambia kila siku: neno kwanza ulione, kamusi baadaye. Baba yako anasema hiyo ni hasira ya mkaguzi imevaa nguo za hekima. Labda. Na kusema kweli, ningefungua kamusi usiku uliotangulia nisingeaibika. Lakini bado: neno kwanza ulione.

Sasa uandike nini kwa Kiswahili? Najua hukuniuliza. "Kurukaruka" peke yake linamtosha hata panzi. "Kucheza" kwetu ni ngoma na ni mchezo, na "caper" nalo lilikuwa la wacheza dansi, kwa hiyo hapo unakaribia. Mimi ninalo langu, tena zuri, nimeliandika hapa nikalifuta mara mbili. Kitabu ni chako. Jioni mwogeshe mjukuu wangu, mwachie kabla hujamfuta maji, umwangalie anavyokukimbia. Niandikie ulichokipata, ndipo nitakuambia langu.

Mama yako