Re: Jigso au bendso ndogo kwa vipande vya kukereza?

Salama mkuu. Umeuliza kati ya jigso (msumeno wa umeme wa mkononi, bledi fupi inapanda na kushuka) na bendso ya mezani (msumeno wenye bledi ya mkanda inayozunguka kwenye magurudumu) ipi ikufae kukatia vipande vya kukereza vibakuli na kalamu. Chukua bendso, jigso kwenye mbao nene bledi inapinda chini mpaka unachoka. Ila kabla hujalipa pima kwanza kimo cha kukata, yaani unene wa mbao unaoweza kupita, nyingi za inchi 9 (kipimo cha gurudumu) hazifikii sm 10. Halafu bledi inayokuja nayo meno yake huwa madogo, gogo bichi linaiziba na unga, tafuta ya meno 3 au 4 kwa inchi. Na gogo la mviringo usilishike mkono mtupu, linabiringika linavuta vidole, lichongee kitanda cha V, yaani ubao wenye mfereji wa umbo la V wa kulilaza lisibiringike. Kama ni mpingo sukuma taratibu, usilazimishe.