Kiyoyozi Si Dirisha

"Kaka, nimefunga viyoyozi vitatu vipya ukumbini, mbona wahudumu wangu bado wanaambukizana mafua?"

Ujumbe huu umeniingia juzi usiku kutoka kwa dada mmoja mwenye mgahawa, nami nimeusoma mara tatu. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza, ila nilijiuliza nikiwa nimeshachelewa.

Nilipojenga ukumbi wangu wa ndani niliweka vioo visivyofunguka, viyoyozi vinne ukutani na mapazia mazito. Niliuonea fahari kuliko chochote nilichowahi kumiliki. Mvua zilipoanza, mhudumu mmoja akaanza kukohoa. Ndani ya siku tisa wakawa wamelala sita. Kisha akanipigia mzee mmoja, mteja wangu wa miaka, aliyekuwa akija na wajukuu zake kila mwisho wa wiki. Familia nzima ilikuwa imeugua. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, mle ndani hewa ni nzito." Hakurudi tena, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Fundi aliyefunga viyoyozi alikuja, akavisafisha, akaongeza gesi, akasema mambo shwari. Nikamlipa. Hakuniambia kwamba kiyoyozi cha ukutani huvuta hewa ya humohumo, huipoza, kisha huirudisha humohumo.

Hilo nilikuja kulielewa niliposoma kisa cha mgahawa mmoja wa Guangzhou, China. Tarehe 24 Januari 2020 familia tatu zilikula mchana kwenye meza jirani, na mtu mmoja kati yao alikuwa na virusi vya korona. Walikuja kuugua watu 10 wa meza hizo, akiwemo yeye. Wahudumu walisalimika. Kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa juu ya meza zilezile tatu, na feni za kutolea hewa zilikuwa zimezimwa. Watafiti walipopima walikuta kila mtu alipata takriban lita 1 tu ya hewa ya nje kwa sekunde. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka angalau 10.

Usiku wa siku niliyosoma kisa hicho, baada ya kufunga mgahawa, niliketi kwenye meza ya mzee yule nikawasha kijiti cha ubani. Moshi ulipanda hadi kwenye kiyoyozi, ukatambaa darini, ukashuka ukutani, ukapita juu ya meza mbili na kunirudia usoni.

Nikanunua kipimo cha kaboni dayoksaidi. Nje husoma kama 420, yaani sehemu 420 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni za hewa. Ukumbi ukijaa kwangu kilisoma 2,400. Gesi hiyo hutoka mapafuni mwetu, kwa hiyo ikirundikana ujue wateja wako wanavuta pumzi walizotoa wenzao.

Hapo nikafanya kosa la pili: nikafunga feni kubwa jikoni ya kutoa hewa nje, basi. Mlango wa mbele ukawa mzito kuufungua na harufu ya chooni ikahamia ukumbini. Fundi mwingine, mama mtu mzima, alisikiliza mlango unavyopiga mluzi, akasema hewa inayotoka lazima ipewe pa kuingilia. Akatoboa ukuta upande wa wageni, akaweka feni ya kuingiza hewa ya nje yenye kichujio. Sasa hewa huingia kwa wageni na kutokea jikoni, na kipimo hakivuki 800 ila kwa nadra.

Ndugu zangu wenye migahawa, tunapima chumvi ya mchuzi mara kumi kwa siku na hewa hatuipimi hata mara moja. Tuache. Nunueni kipimo. Fungueni madirisha yanayotazamana, hata kwa upenyo mdogo. Feni ya kutolea hewa isizimwe kwa kubana umeme wakati wageni wamo; iacheni ifanye kazi. Ukumbi usio na dirisha utafutieni kisafisha hewa chenye kichujio cha HEPA, yaani cha kunasa chembe ndogo mno, na mkumbuke kwamba hicho hunasa chembechembe zenye virusi lakini hakipunguzi kaboni dayoksaidi, kwa hiyo kipimo chenu hakitaonyesha kazi yake. Na mhudumu anayekohoa mrudisheni nyumbani na mshahara wake, maana akiogopa kukatwa pesa atakuja kazini na kikohozi chake.

Dada yangu, leo ukishafunga, viache viyoyozi vikiwaka, keti kwenye meza ya pembeni kabisa na uwashe kijiti kimoja. Kisha niandikie moshi ulielekea wapi.